Makopo sitini, watoto tisa: kabla hamjapeleka maziwa kituoni

Swali: Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wawili. Tumechangishana na tumepata fedha za kununua makopo sitini ya maziwa ya watoto, ya gramu 400 kila moja. Kuna kituo kinacholea watoto yatima, na kati yao wachanga wasiofikia miezi sita ni tisa. Tunataka kupeleka maziwa hayo pamoja na chupa za kunyonyeshea. Tununue maziwa ya aina gani? Na tukipeleka mara moja tu, tutakuwa tumesaidia? Mwenzetu ambaye ni muuguzi ametuambia tusikimbilie maziwa, na tangu aseme hivyo tumegawanyika. Wengine wanasema kutoa ni moyo, tusitafute sababu za kujizuia.

Jibu: Dada yangu, mwambie muuguzi wenu amesema kweli, na wale wenzako wengine nao uwaambie moyo wao ni mzuri. Mimi nimefanya kazi ya lishe ya watoto wachanga kwa miaka mingi, na swali lako ningetamani niulizwe na kila anayebeba makopo kwenda kituoni. Nitaanza na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayowapatanisha.

Mtoto anayeishi kwa maziwa ya kopo peke yake, tangu kuzaliwa hadi atimize miezi sita, humaliza takriban kilo 20 za unga. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400, kwa mtoto mmoja. Kwa tisa ni makopo 450. Ukigawanya kwa siku, watoto hao wanamaliza karibu kilo nzima ya unga kila siku ipitayo. Makopo yenu sitini yana kilo 24. Kwa hiyo siku ya ishirini na tano rafu itakuwa tupu, na watoto watakuwa bado ni wale wale tisa, wameongezeka uzito na wanahitaji maziwa mengi zaidi ya siku mliyoyapeleka.

Hatari haisubiri hata siku hiyo. Mlezi akiona makopo yanapungua na hajui mengine yatatoka wapi, huanza kubana. Anapunguza kijiko kimoja cha unga na kuacha maji yale yale. Hafanyi hivyo kwa roho mbaya. Anafanya alivyofanya kila mzazi aliyewahi kuona chakula kinaisha. Mtoto atashiba kwa kuwa tumbo limejaa, atalala, na kwa wiki moja au mbili hutaona kitu. Lakini anakonda. Tena, maji yakizidi sana, chumvi ya damu hushuka na mtoto anaweza kupata degedege. Mlezi mwingine ataona afadhali ampe maziwa ya ng'ombe, au uji mwepesi. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa chini ya miezi sita kama chakula chake kikuu: yana madini ya chuma kidogo mno, protini na chumvi zake ni mzigo kwa figo changa, na yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo kwenye utumbo bila mtu kuiona. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, na ule unga wa kutilia kwenye chai, usiyahesabu kabisa kuwa ni maziwa ya mtoto.

Jambo hili halikuanza na kituo chenu. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Wengi wanaijua kwa makatazo yake juu ya matangazo, lakini ndani yake mna neno linalowahusu ninyi moja kwa moja: maziwa ya msaada yakishagawiwa, hatua zichukuliwe ili yaendelee kupatikana kwa muda wote ambao watoto hao watayahitaji, na mtoaji naye akumbuke kwamba jukumu hilo ni lake pia. Mimi naiona ni busara kubwa. Ukishamshika mtoto kwa maziwa ya kopo, umemshika kwa miezi.

Kwa hiyo jibu la swali lenu la pili ni hili: mkipeleka sitini kwa mara moja kisha mkarudi nyumbani, huenda mkaharibu. Mkichukua watoto wawili kati ya tisa, mkaahidi kwa maandishi kwamba maziwa yao hayatakatika hadi watimize miezi sita, na mkaitimiza ahadi hiyo kwa kupeleka kila mwezi makopo manane au tisa kwa kila mtoto, mtakuwa mmesaidia kweli. Tisa kwa siku ishirini na nne, au wawili hadi mwisho: mimi nachagua wawili, na ningeomba kikundi kingine kiwachukue waliobaki. Kabla ya hapo, muulizeni msimamizi nani analeta maziwa sasa na yatakwisha lini. Inawezekana maziwa yapo, na kinachopungua ni kingine.

Mara nyingi kinachopungua ni mikono, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Mtoto wa mwezi mmoja hula karibu mara nane kwa usiku na mchana. Kila mlo, ukimlisha kwa utulivu, ukamsubiri apumue, ukamweka begani acheue, unachukua dakika 20, na kwa wengine zaidi. Zidisha: watoto tisa, milo minane, dakika ishirini. Unapata dakika 1,440, yaani saa 24 kamili. Mtu mmoja angekaa kwenye kiti tangu alfajiri hadi alfajiri, mtoto mmoja akitoka mikononi mwingine akiingia, bila kwenda msalani, bila kufua nepi hata moja. Usiku katika vituo vingi walezi ni wawili, pengine mmoja. Sasa utaelewa kwa nini ukiingia kwenye baadhi ya vyumba vya wachanga unakuta chupa zimeegemezwa kwenye mito au nguo zilizokunjwa, kila mtoto ananyonya peke yake akitazama dari. Mtoto anayelishwa hivyo anaweza kupaliwa na maziwa yakaingia kwenye mapafu. Maziwa hutiririka hadi kwenye mfereji wa sikio kwa ndani na kuleta maambukizi. Akishindwa kunyonya hakuna anayejua, maana chupa inaondolewa baadaye na mtu mwenye haraka. Na huyu mtoto, ambaye hana mama, ananyang'anywa pia zile dakika ishirini mara nane kwa siku ambazo angetazamana na uso wa mtu.

Usidhani hayo ya uso ni mapambo tu ya malezi. Mwaka 1948, baada ya vita, mtaalamu wa lishe Mwingereza Elsie Widdowson alifuatilia watoto wa nyumba mbili za yatima nchini Ujerumani. Walikuwa wakubwa kuliko hawa wenu, kuanzia miaka 4 hadi 14, na nyumba zote mbili zilipata mgao mmoja wa chakula. Kwa miezi sita ya kwanza nyumba moja ilikua vizuri zaidi. Kisha nyumba hiyo ikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa, na Widdowson akatarajia iizidi ya pili kwa mbali. Ikawa kinyume: ile iliyoongezewa chakula ikarudi nyuma, na ile isiyoongezewa kitu ikapanda. Alipochunguza, aligundua kwamba wakati ule ule msimamizi mmoja alikuwa amehamishwa. Alikuwa mama mkali, aliyewakaripia watoto mbele ya wenzao, na mara nyingi alichagua wakati wa chakula kufanya hivyo. Alipohamia nyumba ya kwanza, chakula kiliongezeka na watoto wakadumaa. Alikotoka, bila nyongeza yoyote, watoto walinenepa. Alikuwa na vipenzi wake wanane aliohama nao, na hao peke yao waliendelea vizuri. Kwa wachanga wenyewe, daktari René Spitz alikwisha kuandika mwaka 1945 kuhusu makao ambako chakula na usafi vilikuwa sawa, ila muuguzi mmoja aliangalia watoto wanane au zaidi. Ndani ya miaka miwili ya uchunguzi wake zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walikuwa wamekufa.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kama kituo kina maziwa lakini usiku kina mlezi mmoja kwa watoto tisa, basi zawadi kubwa kuliko zote mnayoweza kutoa ni mshahara wa mlezi wa pili wa usiku, kwa mwaka mzima. Haipigwi picha, najua. Lakini ningekuwa mimi, hapo ndipo ningeweka fedha kabla ya kopo la kwanza. Na ombeni kila mtoto awe na walezi wake wawili au watatu wanaojulikana, wasibadilishwe kila wiki, kwa sababu mlezi anayemjua mtoto ndiye anayetambua kwamba leo amenyonya nusu tu.

Ninyi wenyewe msikimbilie kwenda kulisha kwa zamu. Watoto wadogo wasiokaa na mtu mmoja hushikamana haraka na kila mgeni, na mgeni akiondoka wanaachwa tena. Saidieni kufua, kupika, kuteka maji, ili mlezi apate nafasi ya kukaa na mtoto.

Sasa aina ya maziwa. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya anahitaji maziwa ya hatua ya kwanza, yaliyoandikwa kuwa yanafaa tangu kuzaliwa. Bei kubwa haimaanishi ubora mkubwa. Yanayofuata viwango vya kimataifa yanakaribiana sana kwa yaliyomo. Lililo muhimu zaidi ni kutobadilisha aina kila mwezi, na hili ninalisema kwa uchungu. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja ambako ghala lilikuwa limejaa makopo ya wafadhili na bado watoto walikuwa hawaongezeki uzito. Tulichukua siku nzima kutafuta ugonjwa. Jioni nikasimama jikoni kumtazama mlezi akichanganya. Makopo yalikuwa ya aina mbili: la kwanza kijiko kimoja kilikuwa cha mililita 30 za maji, la pili kijiko chake kikubwa kilikuwa cha mililita 60. Vijiko vilikuwa vimechanganyika kwenye bakuli moja, na maelekezo ya kopo moja yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna mlezi aliyeisoma. Walikuwa wakichota kwa kijiko kidogo na kupima maji kwa kipimo cha kijiko kikubwa. Kwa wiki kadhaa watoto walikuwa wamekunywa maziwa ya nusu nguvu kutoka ghala lililojaa. Kwa hiyo: aina moja, maelekezo kwa lugha wanayoisoma walezi, kijiko kibaki ndani ya kopo lake, unga usawazishwe ukingoni bila kushindiliwa. Kuzidisha unga nako ni hatari, mtoto hukaukiwa na maji mwilini. Kopo likifunguliwa liandikwe tarehe, maana mengi yanatakiwa kumalizwa ndani ya mwezi mmoja.

Kiasi: kwa mtoto wa chini ya miezi sita hesabuni takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 4 atahitaji kama mililita 600, ambazo zikigawanywa kwa milo minane ni 75 kila mlo. Katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa huanza na kiasi kidogo kinachopanda siku hadi siku. Hiki ni kipimo cha kupangia tu. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema ameshiba, na asilazimishwe kumaliza kikombe. Watoto njiti, wenye uzito mdogo sana wa kuzaliwa, au wenye midomo na makaakaa yaliyopasuka, mpango wao utoke kwa daktari. Yale maziwa ya tiba ya hospitali kwa watoto wenye utapiamlo mkali msikubali yatumike kituoni kama maziwa ya kila siku.

Kuhusu maji. Watu wengi hawajui kwamba unga wa kopo, hata lililofungwa kiwandani, haujatakaswa vijidudu vyote. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter, au Salmonella, na mchanga wa chini ya miezi miwili ndiye anayeumia vibaya zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri unga uchanganywe na maji yenye moto usiopungua nyuzi 70 za Selsiasi: chemsheni maji, yaacheni yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, changanyeni, kisha pozeni kikombe ndani ya maji baridi hadi tone kwenye kifundo cha mkono lisiunguze. Maziwa yanywewe ndani ya saa 2 tangu kutengenezwa, na mabaki yamwagwe. Walezi huona uchungu kumwaga, nami nawaelewa, lakini maziwa ya uvuguvugu ni shamba la bakteria. Kutengeneza ya usiku kucha jioni na kuyaacha mezani kusikubaliwe kabisa. Kama kuna friji inayokaa chini ya nyuzi 5 wakati wote, yanaweza kuwekwa humo kwa saa 24, si zaidi.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchini Botswana mvua kubwa zilichafua maji, yakiwemo ya bomba, na kuharisha kukazuka. Maziwa ya kopo yalikuwa yakitolewa bure kwa watoto wa mama wenye VVU, kwa nia njema kabisa. Wachunguzi walikuta kwamba wengi wa watoto waliolazwa walikuwa hawanyonyeshwi, na watoto wengi walikufa. Maziwa yalikuwepo, lakini maji hayakuwa salama. Kwa hiyo mkienda kituoni nendeni jikoni kwanza. Tazameni maji yanatoka wapi na sabuni iko wapi, na mwulizeni mlezi wa usiku anatumia nini kuchemshia maji saa nane ya usiku. Kama jibu ni kwamba kuni au gesi huisha kabla ya mwezi kwisha, mmepata kazi ya kufanya.

Chupa nazo msinunue. Pelekeni vikombe vidogo vilivyo wazi, visivyo na mdomo wala mikunjo ya kujificha uchafu. Chupa na chuchu zake zinahitaji brashi, kuchemshwa na muda, kwa kila mtoto, mara nane kwa siku. Kwa tisa hizo ni chupa 72. Kikombe huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, basi. Hata mchanga anaweza kukitumia: apakatwe akiwa amekaa wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo, naye ayavute kwa ulimi wake mwenyewe. Asimiminiwe. Kisha kikombe kina faida ambayo mimi naipenda kuliko zote: hakiegemezeki kwenye mto. Lazima mtu amshike mtoto.

Akitimiza miezi sita, maziwa peke yake hayamtoshi, na hapa fedha zenu zitafika mbali zaidi. Anahitaji vyakula laini vyenye madini ya chuma, yaani mayai, nyama au samaki waliosagwa, jamii ya kunde, pamoja na mboga na matunda, na si uji mtupu asubuhi, mchana na jioni. Asiyenyonya anahitaji milo mingi kidogo kuliko anayenyonya, kama minne au mitano kwa siku. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Na yale makopo ya maziwa ya kukuzia watoto wa zaidi ya mwaka msiyanunue: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema hayapendekezwi, maziwa ya kawaida ya mnyama yaliyo salama yanatosha.

Kama mnataka kununua kitu kimoja tu cha kudumu, nunueni mizani ya watoto wachanga iliyo sahihi, na daftari. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto anayelishwa vizuri huongeza kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Apimwe kila wiki, siku ile ile, bila nguo, na uzito uchorwe kwenye kadi yake ya kliniki. Mstari ukilala wiki mbili mfululizo, apelekwe hospitali, asingojewe aonekane amekonda. Akiharisha aendelee kupewa maziwa yake kwa nguvu kamili pamoja na maji ya chumvi-sukari ya pakiti, na apelekwe kwa mhudumu wa afya apewe zinki.

Nimebakiza jambo ambalo hukuuliza. Muulizeni msimamizi, kwa heshima, kila mmoja wa hao tisa alifikaje. Mtatambua kwamba neno yatima linabeba mengi: wengi wa watoto walio kwenye vituo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Nimekutana na baba waliofiwa na wake zao wakati wa kujifungua, na bibi waliobaki na mchanga wa siku nne, wakamleta kituoni kwa sababu moja tu: hawakuwa na maziwa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala unataka watoto, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe ndani ya familia. Mtoto akiwa kwa bibi yake, pengine yuko shangazi anayenyonyesha, ambaye baada ya kupimwa afya, pamoja na VVU, angeweza kumnyonyesha, na hilo ni bora kuliko kopo lolote. Kama hayupo, makopo manane au tisa kwa mwezi, vikombe viwili na mtu wa kumfundisha bibi kuchanganya yangemrudisha mtoto kwao. Zungumzeni na afisa ustawi wa jamii anayehusika na kituo. Msilifanye wenyewe bila yeye. Lakini kama kati ya tisa wapo wawili wenye bibi anayewataka, hao ndio ningependa wawe wawili wenu.

Nendeni kwanza bila kopo lolote, mkae jikoni saa chache, ikiwezekana usiku. Kisha niandikie umri na uzito wa kila mtoto, bila majina, idadi ya walezi kwa kila zamu, na maziwa yaliyopo ghalani. Nitakupigia hesabu ya kila mtoto hadi mwezi wake wa sita.